Mwongozo wa Kufufua Skrini ya Oveni Bila Kuizaba Makofi

Skrini ya oveni inajua kuchagua siku. Haizimiki Jumanne ya kupasha viporo. Inangoja mkesha wa Idi, unga umeshaumuka, sinia limeshapakwa samli, wageni wameshapanda basi kutoka Tanga; hapo ndipo tarakimu zinapotoweka. Zikishatoweka tu, nyumba nzima inageuka karakana. Shemeji anaizaba makofi. Jirani anashauri ichomolewe na kuchomekwa mara saba. Mtoto anataka ifukiwe kwenye mchele, kwa kuwa simu ya rafiki yake ilipona hivyo. Baba mwenye nyumba, aliyekuwa kimya muda wote, anatoa hukumu: "Hii imekwisha. Tununue nyingine."

Haijakwisha. Kuitupa oveni kwa kosa la skrini ni hasara ya kujitakia, na inaniuma kila ninapoiona oveni nzima imewekwa nje ya geti ingoje gari la taka. Koili zake zipo, feni ipo, mlango unafunga vizuri. Kilichogoma ni kidude kisichozidi kiganja. Mwongozo huu una kanuni moja inayotawala hatua zote: anza na kisichogharimu kitu, malizia na kinachogharimu sana. Anayeanzia dukani ameshika mwongozo kichwa chini.

Hatua ya 1: Mtoe shemeji jikoni

Kofi halitibu. Linaweza kuiwasha skrini kwa dakika mbili, na ndiyo maana lina wafuasi wengi. Ndani ya oveni, bodi hupata joto na kupoa kila unapopika, na miaka ikipita lehemu inayoshikilia miguu ya vifaa hupata nyufa. Kofi huzigusanisha pande mbili za ufa kwa muda, kisha huupanua.

Lakini kama kofi limeshapigwa na skrini ikawaka, usiupoteze ushahidi huo. Mwambie fundi: "Ikitikiswa inawaka." Umempa nusu ya jibu. Ataanza kutafuta lehemu iliyopasuka au waya uliolegea badala ya kubahatisha. Mchele nao uachwe upikwe pilau.

Hatua ya 2: Tazama inakwambia nini

Watu husema "skrini imeharibika" na kunyamaza hapo, nayo skrini ina namna nyingi za kugoma, kila moja na chanzo chake. Simama mbele yake, uitazame vizuri. Je, ni nyeusi kabisa? Inapepesa sifuri? Tarakimu zimepauka mpaka uzime taa ndipo uzione? Tarakimu zimekatika vipande? Imeandika herufi na namba usizozielewa? Au inaonyesha kila kitu sawasawa, ila saa inachelewa? Andika jibu kwenye karatasi, au piga picha kwa simu. Dakika hiyo moja itakuokolea fedha nyingi.

Hatua ya 3: Sifuri zinazopepesa si ugonjwa

Umeme umekatika, umerudi, na sasa skrini inapepesa 0:00 au 12:00. Unageuza kitasa cha joto, taa ya ndani inawaka, lakini koili haipati moto hata kidogo. Oveni ni nzima. Oveni nyingi zenye saa ya kidijitali, hasa zile za kujengwa ndani ya kabati, zimeundwa hivi: zikipoteza saa zinakataa kupika mpaka ziambiwe ni saa ngapi. Saa hiyo ndiyo inayoziwezesha kujiwasha na kujizima zenyewe, kwa hiyo isipokuwepo zinajifunga.

Basi iambie. Kwenye nyingi utabonyeza kitufe chenye picha ya saa, au utabonyeza kwa pamoja vitufe viwili vya katikati, kisha utasogeza tarakimu kwa alama za kujumlisha na kutoa. Ukiona neno AUTO linapepesa, tafuta kitufe chenye picha ya mkono au sufuria. Hicho hurudisha upishi wa kawaida. Wala usibabaike kuhusu saa yenyewe. Ukiandika 13:00, au ukaandika 7:00 kwa kuwa kwako ni saa saba mchana, keki itaiva vilevile. Oveni inataka tarakimu, haitaki mjadala.

Mwaka 2023 Kenya ilikosa umeme karibu nchi nzima mara tatu: tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba. Kila umeme uliporudi, saa za aina hii zilirudi mwanzo na kungoja mtu azibonyeze. Ukimlipa fundi nauli ya kuvuka mji aje kubonyeza kitufe, fedha hiyo ingetosha kununua mayai ya keki na bado ikabaki.

Kuna mambo mengine mawili yanayofanana na ubovu. La kwanza ni picha ya ufunguo au kufuli: mtoto amebonyeza kufuli la usalama. Shikilia kitufe hicho kwa sekunde kadhaa litafunguka. La pili ni hali ya maonyesho ya dukani, ambapo skrini inang'aa na vitufe vinaitika, lakini joto halipandi ng'o. Baadhi ya oveni huwekwa hivyo ili zing'ae mbele ya wanunuzi bila kula umeme, na muuzaji akisahau kuiondoa, unaipeleka nyumbani ikiwa bado inaigiza. Kitabu cha maelekezo kinaonyesha namna ya kuiondoa.

Hatua ya 4: Saa ikichelewa, uliza majirani

Mwanzoni mwa mwaka 2018, saa za oveni katika nchi 25 za bara la Ulaya zilianza kuchelewa. Kufikia mapema Machi zilikuwa nyuma kwa karibu dakika sita. Si kwamba oveni zote za Ulaya ziliharibika kwa pamoja. Saa nyingi za oveni huhesabu mapigo ya umeme wa ukutani: mapigo 50 ni sekunde moja. Mvutano kati ya Serbia na Kosovo ulisababisha umeme wa gigawati-saa 113 ukosekane kwenye gridi ya pamoja, mapigo yakashuka kidogo mno, wastani wa 49.996 kwa sekunde, na upungufu huo ukajilimbikiza siku baada ya siku. Gridi ilipofidia mapigo yaliyopotea, saa zikarudi sawa bila mtu kushika bisibisi.

Kwa hiyo, saa ya oveni ikichelewa au ikikimbia, ilinganishe kwanza na saa nyingine inayotumia umeme wa ukutani, ya jirani ikibidi. Zikipotea pamoja, chanzo ni umeme. Ikiwa mtaa wenu unaishi kwa jenereta, usishangae hata kidogo: mapigo ya jenereta hupanda na kushuka kadiri inavyoelemewa, na saa inayoyahesabu huyafuata.

Hatua ya 5: Giza totoro huanzia ukutani

Skrini ikiwa nyeusi kabisa, usianze na skrini. Fungua mlango: taa ya ndani inawaka? Geuza kitasa: feni inavuma? Kimojawapo kikifanya kazi, umeme unafika, na tatizo liko kwenye bodi ya saa au waya zake. Visipofanya kazi vyote, rudi nyuma kidogo kidogo: swichi kubwa ya jiko, plagi, fyuzi, breka kwenye kisanduku. Na salio la umeme kwenye Luku. Angalia Luku kabla hujampigia simu mtu yeyote.

Plagi yenye pini tatu bapa tunayotumia Kenya, Tanzania na Uganda ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, hizo ni kama wati 3,000. Jiko kubwa lenye oveni chini na sahani za umeme juu hupita hapo kwa mbali, na linatakiwa liwe na waya wake mnene kutoka kwenye kisanduku. Anayechomeka oveni kwenye ekstensheni moja na friji, birika na chaja ya simu anacheza na nyumba ya watu; atolewe jikoni amfuate shemeji. Plagi iliyogeuka rangi ya kahawia, au inayonuka plastiki iliyoungua, imeshatoa onyo lake. Ibadilishwe leo, pamoja na soketi iliyoiunguza.

Hatua ya 6: Kabla ya bisibisi, mzaha ukome

Zima swichi kubwa, zima breka, chomoa plagi kama ipo, na umwambie kila aliyemo ndani kwamba asiwashe kitu. Bodi nyingi za saa za oveni hazina transfoma. Hupunguza umeme wa ukutani kwa kapasita, bila kutenganishwa nao, kwa hiyo bodi ikiwa na umeme, hata sehemu inayoonekana ni ya volti chache inaweza kuua. Kapasita pia zinaweza kubaki na chaji baada ya kuzima. Ngoja dakika kadhaa, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa. Bisibisi ya tesa isikutie moyo: taa yake kutowaka si ushahidi kwamba hakuna umeme.

Kama hujawahi kushika mita, usifungue kitu. Endelea kusoma, ili fundi akija mzungumze lugha moja. Hakuna keki inayostahili roho ya mtu.

Hatua ya 7: Fungua macho kabla ya kufungua pochi

Kifuniko kikitoka, piga picha kila waya ulipo kabla ya kuchomoa hata mmoja. Kisha angalia tu. Mara nyingi ubovu unaonekana kwa macho.

Angalia mende kwanza. Saa ya oveni haizimwi, kwa hiyo nyuma yake pana uvuguvugu usiku na mchana, na mende wanapajua. Huacha uchafu na mayai juu ya bodi, na mizoga yao huunganisha njia za umeme zisizotakiwa kukutana. Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga na Unguja, tafuta pia ukungu wa kijani kwenye shaba: hewa ya chumvi inakula miguu ya vifaa. Vyote viwili husafishwa kwa brashi laini na spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme, kisha bodi iachwe ikauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Halafu tazama lehemu kwa kioo cha kukuzia. Pete nyembamba nyeusi kuzunguka mguu wa kifaa ndiyo ule ufa ambao shemeji alikuwa akiuzaba makofi. Fundi akiupasha kwa chuma cha kulehemu na kuongeza lehemu kidogo, umekwisha.

Hatua ya 8: Tarakimu zikipauka, ulizia kapasita

Skrini iliyofifia taratibu kwa miezi, ikafikia kuonekana usiku tu, mara nyingi inalia njaa. Watuhumiwa ni wawili.

Wa kwanza ni kapasita ya umbo la kisanduku, iliyoandikwa X2. Hiyo ndiyo inayopitisha umeme wa kuendesha bodi isiyo na transfoma. Umeme unapopanda ghafla, kila mshtuko huchoma kijisehemu cha utando wake wa ndani. Kapasita inajiponya na kuendelea na kazi, lakini uwezo wake unapungua. Ukipungua vya kutosha, tarakimu zinapauka, rilei zinagonga-gonga bila nguvu, na mwishowe saa inazima kila unapowasha koili. Kwa nje inaweza kuonekana nzima kabisa, kwa hiyo lazima ipimwe. Iwekwe nyingine ya mikrofaradi zilezile, ya volti zilezile au zaidi, na iwe X2 vilevile. Fundi akikupa ya kawaida kwa kuwa X2 haipo dukani, kataa. Ile imetengenezwa kukaa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani. Ya kawaida ikipasuka hapo inaweza kuwasha moto.

Wa pili ni zile za umbo la mkebe mdogo. Ndani zina kimiminika kinachokauka kwa joto, na mafundi wana kipimo cha jumla: joto likipanda nyuzi 10, umri wake unapungua kwa nusu. Ukiona kichwa kimevimba au kimevuja, usiulize swali la pili. Nunua ya kustahimili nyuzi 105, ya mikrofaradi zilezile, na upande wa kutoa uwekwe ulipokuwa.

Vifaa hivi ni hela ndogo. Vinapatikana Kariakoo, vinapatikana Luthuli Avenue. Bodi nzima ni hela nyingine kabisa, na oveni mpya usiseme.

Ikiwa kapasita ni mpya na skrini yako yenye mwanga wa kijani-buluu bado imefifia, basi ni uzee. Skrini hizo zina nyuzi nyembamba ndani ya kioo kisicho na hewa, zikirusha elektroni kwenye unga unaong'aa, na unga huo huchakaa kwa kuwaka miaka mfululizo. Oveni yako ikiwa na sehemu ya kupunguza mwanga, ipunguze tangu ikiwa mpya.

Hatua ya 9: Nane ikigeuka sifuri

Kila tarakimu kwenye skrini imejengwa kwa vijiti saba, na 8 ndiyo pekee inayoviwasha vyote. Kwa hiyo, kijaribu chako ni 8. Kijiti cha katikati kikifa, 8 inasomeka 0: umeweka nyuzi 180, skrini inasema 100, na wewe unaongeza joto mpaka keki inakuwa mkaa. Cha juu kulia kikifa, 8 inakuwa 6. Cha chini kushoto kikifa, inakuwa 9.

Kijiti kilekile kikikosekana kwenye tarakimu zote, tatizo ni njia moja inayovilisha vyote: mguu, lehemu au waya bapa wa kuunganishia. Safisha miisho ya waya huo, uchomeke upya kwa uthabiti. Kikikosekana kwenye tarakimu moja tu, huenda kijiti chenyewe kimekufa. Hapo unaweza kuishi nacho, mradi kila mpishi wa nyumba hiyo ajue.

Hatua ya 10: Mjumbe hauawi

Skrini ikiandika F na namba, au E na namba, inafanya kazi yake barabara. Inaleta habari mbaya kutoka kwingine, na wengi hulipiza kisasi kwa kuibadilisha yenyewe. Soma kitabu cha maelekezo, kwa sababu kila kampuni ina herufi zake, na F moja haifanani na F ya jirani.

Mara nyingi habari hiyo inahusu sensa ya joto, kile kijiti cha chuma kinachochungulia ndani ya oveni. Chomoa waya zake, oveni ikiwa imezimwa na imepoa, uipime kwa mita. Sensa ya platinamu ya omu 1,000 kwa nyuzi sifuri inatakiwa isome kama omu 1,097 kwenye nyuzi 25. Ya omu 500 isome kama 549. Ikisoma sifuri, au isiposoma kitu, umempata mkosaji bila kununua bodi.

Hatua ya 11: Ongea na fundi kama mtu anayejua

Fundi mzuri ni hazina, na anastahili kulipwa kwa kuchunguza hata kama hakubadilisha kitu. Lakini kuna anayefika, anachungulia bila kuvua kofia, na kusema: "Mama, bodi imekufa."

"Pole kwa safari, fundi. Karibu maji. Bodi umeipima wapi?"

"Aa, hizi zikifika hapa, mama, huwa zimekufa."

"Sawa, baba. X2 inasoma ngapi?"

Swali hilo linatosha. Mwenye mita ataitoa. Asiye nayo atakumbuka mteja mwingine anayemngoja. Na ikibidi kweli bodi ibadilishwe, linganisha namba yote iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, mpaka herufi ya mwisho. Bodi mbili zinazofanana sura zinaweza kuwa za oveni tofauti. Kisha omba ile ya zamani ubaki nayo. Ina rilei na vitufe vizima vitakavyomponya mwenzako.

Hatua ya 12: Ukishaifufua, itunze

Joto ndilo adui mkubwa wa bodi, na watu humkaribisha wenyewe. Ukimaliza kuoka, feni ya kupozea huendelea kuvuma kwa dakika kadhaa. Inalinda skrini. Anayekimbilia kuzima swichi ya ukutani ili aokoe umeme anaizima feni wakati kuta bado zina moto, na joto lote linapanda kwenye kapasita. Iache imalize.

Umeme ukikatika, zima swichi ya jiko. Ukirudi, ngoja utulie ndipo uwashe. Vifaa vya kukinga friji havifai hapa, kwa sababu havikutengenezwa kubeba mzigo wa oveni. Ukitaka kinga, mwambie fundi umeme aifunge kwenye kisanduku. Skrini ifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa, wala isinyunyiziwe dawa moja kwa moja, maana maji huingia kwenye vitufe na kukaa humo.

Mwisho, andika. Kwenye kipande cha karatasi weka tarehe, kilichoharibika, kapasita iliyowekwa na mikrofaradi zake, kisha kibandike ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Siku skrini ikigoma tena, yeyote atakayesimama mbele yake ataanza kwa kusoma, na fundi atakayeitwa atajua pa kuanzia. Oveni iliyoandikiwa historia yake haifikishwi getini kwa sababu ya kidude cha hela ndogo.